Kurudisha sanduku la mzinga bila kuponda nyuki: wima, kwa kutelezesha, mshazari au kwa vijiti

Kufungua mzinga hakumshindi mtu. Kunakomshinda ni kulirudisha sanduku mahali pake. Umelikumbatia kifuani, jasho linakuingia machoni na huwezi kujipangusa kwa sababu ya wavu wa usoni, vidole vimeanza kufa ganzi, na ukitazama chini unaona kingo zote za sanduku la majana, yaani watoto wa nyuki, zimejaa nyuki, bega kwa bega, kama wazee waliokaa barazani wakisubiri adhana. Sanduku huwezi kulishikilia mpaka kesho. Utalishusha vipi?

Mimi nafuga kaskazini mwa Pemba, upande wa Konde. Nina mizinga kumi na sita, kumi na miwili ya masanduku na minne ya viunzi vya juu (mbao nyembamba ambazo nyuki huning'iniza masega chini yake). Njia zote nne nitakazozieleza nimezitumia, na kila moja imenigharimu nyuki kwa namna yake. Kwa asiye na muda wa kusoma yote: ikiwa uko peke yako na sanduku ni la kimo kifupi, weka mshazari kisha zungusha polepole. Ikiwa sanduku ni zito na mgongo wako haukupi uhakika, tumia vijiti. Ikiwa mko wawili na sanduku ni jipya halina kitu, shusheni wima mmalize kazi. Kutelezesha ni njia ya kukutoa kwenye shida, usiifanye ndiyo mazoea. Na ikiwa bado hujanunua hata mzinga mmoja, pitia kwanza sehemu ya kimo cha sanduku, kwa sababu nyuki wengi huanza kupondwa siku ya kununua.

Harufu ya ndizi

Wengine huniambia, nyuki ni maelfu, wakifa kumi kuna nini? Kuna harufu. Nyuki kibarua akipondwa au akidunga, tezi iliyo kwenye mwiba wake humwaga kemikali ya kuwatahadharisha wenzake. Kiungo chake kikubwa kilitambuliwa mwaka 1962, nacho kinanuka kama ndizi mbivu. Sisi tunaoishi katikati ya migomba hilo linaweza kukupita usilitambue, ila ukizoea utajua: ukiisikia ndizi na hakuna mkungu karibu, umeshabana mtu. Ndiyo maana mfugaji mzoefu atakukataza kula ndizi kabla ya kwenda kwenye manzuki, pale mizinga ilipo.

Nyuki wetu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wataalamu wanawaita Apis mellifera litorea, si wapole kama hao tunaowaona kwenye video za Ulaya, ambako mtu anafungua mzinga amevaa fulana. Hawa wakipata ile harufu hawatoki kumi, hutoka mzinga mzima. Mwaka wangu wa pili nilishusha sanduku moja vibaya wakati wa magharibi, nikasikia kabisa ule mlio mdogo wa kupasuka, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Jirani alikuwa kamfunga mbuzi wake chini ya mwembe, hatua kama thelathini. Mimi nilikuwa na nguo za kujikinga, mbuzi alikuwa na kamba shingoni. Nilimlipa jirani, na sikupata uso wa kumtazama mpaka Ramadhani ikapita.

Halafu kuna malkia. Yeye ni mmoja, na huwezi kujua yuko wapi wakati unaposhusha sanduku. Ukimponda, vibarua watalea mwengine kutokana na majana machanga. Siku 16 toka yai mpaka malkia mpya kutoka, kisha akakomae, aruke, apandwe, ndipo aanze kutaga. Mwezi mzima, au zaidi, mzinga haupati mtoto hata mmoja. Au kundi linahama kabisa, na nyuki wa huku kuhama si shida kwao.

Kushusha wima

Hii ndiyo njia anayoianza kila mtu. Unalileta sanduku juu ya lenzake, unalinganisha pembe, unashusha. Sasa piga hesabu. Sanduku la mzinga wa Langstroth, lenye fremu kumi (miraba ya mbao inayoshika masega), lina urefu wa sentimita 50 na upana wa 41 hivi. Ukizunguka kingo zake zote unapata karibu mita 1.8 za ubao. Ukishusha wima, mita 1.8 zote zinagusa kwa pamoja, na nyuki aliyekuwa juu ya ukingo hakupewa hata nafasi ya kugeuka.

Hata hivyo sitaidharau. Ina haraka, na kila dakika mzinga unapokaa wazi nyuki wanazidi kupanda kwenye kingo. Mkiwa wawili, mmoja akashika sanduku na mwengine akapuliza moshi kuzunguka kingo mpaka zikabaki ubao mtupu, kisha mkashusha papo hapo, hasara inaweza kuwa ndogo kuliko ya mtu anayehangaika peke yake na mbinu za kistadi. Na sanduku tupu unaloongeza mwanzo wa msimu ni jepesi: unaweza kulishikilia juu kidogo ya kingo, ukasubiri, ukalishusha wakati wako. Mimi hutumia wima hapo tu.

Kutelezesha

Hapa unaliweka sanduku likiwa limerudi nyuma kama shubiri moja, kisha unalisukuma mbele mpaka pembe zikakutana. Ukingo wa mbele unawafagia nyuki badala ya kuwakandamiza. Uzuri wake ni kwamba uzito unabebwa na sanduku la chini, na kwa mtu aliyechoka hilo si jambo dogo.

Lakini tazama vizuri kinachotokea ubavuni. Ubao wa mbele na wa nyuma ndio unaosafiri. Mbao mbili za ubavuni zimeshalala juu ya zenzao tangu ulipoweka, karibu urefu wake wote, na waliokuwa hapo wameshakwisha kabla hujasukuma. Kwa hiyo kutelezesha kunaokoa nusu, nusu nyengine inakufa kimya kimya. Tena ukisukuma kwa nguvu, hata wale unaowafagia hukatika miguu, na nyuki aliyekatika mguu anaweza kutoa harufu ileile ya aliyepondwa.

Na kuna jambo la tatu: masega ya pembeni. Nyuki wakishajenga vipande vya sega kati ya fremu za juu na za chini, ukitelezesha unavisaga vyote, asali inachuruzika, nyuki wanagandana nayo. Kama utatelezesha, kwanza kwangua mbao za juu za fremu ziwe safi.

Mizinga inayoning'inizwa kwa waya kuepuka sungusungu haifai kabisa kwa njia hii. Unasukuma sanduku, mzinga mzima unakwenda nalo.

Mshazari

Njia hii ilinichukua muda kuiamini, maana ukiitazama inaonekana kama mtu aliyekosea kuweka. Unalishusha sanduku likiwa limepinda, pembe zake zikitokeza nje ya ubavu wa sanduku la chini, umbo kama la nyota. Kwa kuwa kingo zinakatana badala ya kulaliana, zinagusana mahali panane tu, kila mahali si papana kuliko vidole viwili. Linganisha na zile mita 1.8. Hapo panane unaweza kupaona kwa macho, ukapapuliza moshi, ukapapangusa, ndipo ukashusha.

Kisha unazungusha. Polepole, kwa namna mtu anavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Nyuki waliopo kwenye njia wanasukumwa upande, wengine ndani, wengine nje, na wengi wanakwenda wenyewe wakihisi ubao unawajia. Fremu hazigusani wakati huo ikiwa sanduku limetengenezwa kwa kipimo sahihi. Nitarudi kwenye "ikiwa" hiyo.

Watu husema mshazari hauui. Si kweli. Kingo zinavyokaribiana zinafanya mkasi, na pembe ya mkasi inazidi kuwa nyembamba kila unavyokaribia mwisho. Hatari yote iko kwenye vidole viwili vya mwisho, pale ambapo mtu ameshachoka na anataka kumaliza kwa msukumo mmoja. Mimi hapo husimama. Napuliza moshi kidogo kwenye zile nyufa za pembe tatu zilizobaki, natikisa sanduku kidogo sana, mara mbili tatu, kama anayepepeta mchele taratibu, ndipo namalizia.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye hunisaidia akirudi skuli, amepewa kazi moja tu: kuinama na kutazama nyufa hizo. "Ami, ngoja, yupo mmoja kabanwa mguu." Nanyanyua ukingo kwa unene wa kucha, yule nyuki anajitoa, naendelea. Ukiwa peke yako huna macho hayo, na itabidi uende polepole zaidi.

Ubaya wake uko kwenye mwili wa mfugaji. Kushika kilo nyingi mbele ya kifua huku unazungusha kiuno ndiko kunakowalaza watu kitandani. Usizungushe kiuno, zunguka na miguu: simama ukiwa umekaa mshazari na mzinga tangu mwanzo, weka, kisha sogeza hatua huku mikono ikilifuata sanduku. Mzinga uliopanda masanduku matatu ukafika kifuani si rahisi kuufanyia hivyo, na mtu mfupi atapata shida.

Jengine: baadhi ya mafundi wetu huzungushia ubao mwembamba chini ya sanduku, ukatokeza na kufunika kiungo, ili maji ya masika yasipenye. Wazo zuri kwa mvua. Ila sanduku la namna hiyo halizunguki wala halitelezi, linashuka wima tu. Kama unaagiza masanduku sasa hivi, mwambie fundi kingo ziwe bapa, na mvua uikabili kwa paa lililotokeza.

Vijiti

Njia ya upole zaidi kuliko zote ndiyo hii. Unakata vijiti viwili vilivyonyooka, vya mpera au vya mwanzi, unene wa kidole cha mwisho, virefu kupita upana wa mzinga. Unavilaza juu ya kingo, kimoja mbele kimoja nyuma, unaweka sanduku juu yake. Sasa limesimama, mikono yako iko huru, na kuna ufa mzunguko mzima ambao nyuki wanaweza kupita bila kubanwa. Jipanguse jasho. Puliza moshi kwenye ufa, wakishapungua chomoa kijiti cha mbele huku ukishikilia ukingo na kuushusha taratibu, kisha cha nyuma.

Njiti za mishkaki usizitumie, nilishajaribu. Ni nyembamba kuliko nyuki mwenyewe, kwa hiyo unachokifanya ni kumponda kwa awamu.

Kasoro ya vijiti ni muda. Mizinga miwili, haidhuru. Mizinga kumi jioni moja, jua litakuchwea. Na wakati wa kuchomoa kijiti cha mbele sanduku linainama, kwa hiyo ukingo wa nyuma unakuwa bawaba. Aliyejificha kwenye bawaba hana bahati. Pamoja na hayo, kwa mzee, kwa mwenye mgongo mbovu, kwa mama anayefanya kazi hii peke yake shambani, vijiti ndivyo ningempendekezea kabla ya chochote.

Kimo cha sanduku na kazi ya fundi

Sanduku refu la Langstroth lina kimo cha sentimita 24 hivi. La kati lina karibu 17. Tofauti haifiki hata nusu shubiri, lakini likijaa asali la kwanza hufika kilo 40 na la pili kilo 25 hivi. Hebu jaribu kuweka kilo 40 mshazari na kuzungusha polepole. Haiwezekani. Utaliachia, na ukiliachia umeshachagua kushusha wima, tena kwa kishindo. Ndiyo maana nasema uchaguzi wa mbinu huja baada ya uchaguzi wa uzito.

Mwenye masanduku ya kati pekee atakuwa na mengi ya kufungua na kufunga: panapotosha sanduku refu moja, yeye ana moja na nusu. Kingo nyingi zaidi, nafasi nyingi zaidi za kuponda. Kwenye karatasi anashindwa. Shambani anashinda, maana kila moja analiweka akiwa bado ana nguvu. Mimi nimebakisha marefu kwa majana, chini kabisa, ambako silinyanyui ila kwa nadra, na juu yote ni ya kati.

Sasa ile "ikiwa" niliyoiahirisha. Mwaka 1851 huko Philadelphia, Lorenzo Langstroth aligundua kwamba nyuki huacha njia ya upana maalumu ndani ya nyumba yao, kati ya milimita 6 na 9 hivi. Ukiwaachia pungufu ya hapo wanaziba kwa gundi, ukiwaachia zaidi wanajenga sega. Mwaka uliofuata akasajili haki ya mzinga wake, na masanduku yote ya fremu duniani yanasimama juu ya upenyo huo mmoja. Fremu za sanduku la juu zinatakiwa ziwe na upenyo huo juu ya fremu za sanduku la chini.

Fundi seremala mzuri wa milango na vitanda hajui haya, na hana sababu ya kujua. Nilipata masanduku manne kutoka kwa fundi mmoja, mbao safi, viungo vimekaa, rangi nzuri. Ila mkato wa kuning'inizia fremu ulikuwa umeingia chini mno, na fremu zikawa zimelingana kabisa na ukingo wa chini. Kila nilipofunga, nilikuwa siwapondi wa kingoni tu, bali wote waliokuwa wakitembea juu ya fremu kumi za chini. Nilizungusha mshazari, nikaweka vijiti, nikaswali rakaa mbili, haikusaidia. Nikadhani mkono wangu ni mzito. Kumbe ni kipimo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, chukua masanduku mawili yenye fremu, yaweke moja juu ya jengine, chungulia kwa chini ukitumia tochi. Chukua penseli ya skuli, unene wake ni milimita 7 hivi, uipitishe kati ya fremu za juu na za chini. Ikipita bila kulazimishwa na bila kucheza sana, lipa. Ikikwama, au ikibaki nafasi ya kuingia kidole gumba, mwachie fundi wake.

Masanduku au viunzi vya juu?

Ulinganisho huu watu huufanya kwa asali, kilo ngapi kwa msimu. Mimi nitaufanya kwa nyuki waliopondwa.

Mzinga wa viunzi vya juu, ule uliobuniwa Kenya miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Wakanada, hauna sanduku la kunyanyua. Unafungua paa, unainua kiunzi kimoja chenye sega lake, kilo moja au mbili, unatazama, unarudisha. Mgongo unapumzika. Mizinga hii unaweza kuining'iniza pia, kwa kuwa hakuna cha kusukuma. Na viunzi vinavyobaki vimefunga juu kama dari, kwa hiyo nyuki wengi hata hawakuoni.

Lakini viunzi hivyo vinalaliana ubavu kwa ubavu, upana wa milimita 32 kila kimoja kwa nyuki wetu wa Afrika, na kila ukirudisha kimoja unafunga ufa mmoja. Mzinga ukiwa na viunzi ishirini na tano na ukakagua nusu yake, umefunga nyufa kumi na mbili. Kila ufa una nyuki wanaochungulia. Ukisukuma viunzi vyote kwa pamoja kama mtu anayepanga vitabu, unaponda mistari mizima. Hapa dawa ni kusogeza kimoja kimoja, ubakishe upana wa nyuki mmoja, usubiri, utingishe kidogo, ndipo ukutanishe. Subira ni ileile ya mshazari, isipokuwa imegawanywa vipande kumi na viwili.

Kwa hesabu yangu mwenyewe, bila takwimu, viunzi vya juu huponda wachache zaidi kwa ujumla na hupoteza malkia kwa nadra, kwa sababu unaona kila unachokigusa. Masanduku huponda wengi kwa siku moja na hakuna kwa wiki nyingi, maana huyafungui mara kwa mara. Mwanamke au mzee anayeanza na mizinga mitatu minne, ningemwambia viunzi vya juu. Anayetaka mizinga thelathini na mashine ya kukamulia, masanduku, ya kati. Ila mwenye viunzi awe mwangalifu na sega jipya: halina fremu ya kulishika pembeni, na kwa joto letu la kaskazi nta inalainika. Ukilipindua kama sinia linakatika na kuanguka juu ya nyuki, na hapo umeponda zaidi ya sanduku lolote. Lishike wima muda wote.

Mzinga wa gogo sitaulinganisha. Hauna sanduku la kurudisha wala kiunzi cha kufunga, lakini anayeurina kwa kukata masega ya majana na asali pamoja ameshaponda kizazi kizima.

Moshi, brashi na saa

Kati ya kuwafagia nyuki kwa brashi na kuwahamisha kwa moshi, mimi ni mtu wa moshi. Brashi ya nywele ngumu inawakasirisha, inanasa asali, kisha inakuwa kama brashi ya gundi. Unyoya mkubwa wa bata ni afadhali, nao nautumia kwa wale wawili watatu wakaidi tu. Moshi una faida ya pili: unafunika ile harufu ya ndizi, na unawafanya nyuki washuke kwenda kujaza matumbo asali. Cha kuchoma hatuhitaji kununua. Makumbi ya nazi makavu, yaliyochambuliwa kama nywele, yanatoa moshi mwingi na yanakaa muda mrefu. Uwe moshi mweupe, wa baridi. Ukiweka mkono mbele ya bomba ukaungua, nyuki nao wanaungua, na cheche moja msimu wa kaskazi inaweza kuchoma shamba.

Saa ya kufanya kazi ndiyo inayoleta mabishano. Wengi huku huenda usiku au baada ya magharibi, wakiwaogopea majirani na watoto. Nawaelewa, baada ya yule mbuzi. Lakini usiku nyuki wote wamerudi nyumbani, kingo zinajaa mara mbili, na wewe huoni. Tochi ya mwanga mwekundu inasaidia, kwa kuwa nyuki hawauoni vizuri wekundu, ila na wewe pia unaona nusu nusu. Asubuhi ya saa nne, wakati wengi wako kwenye minazi na mikandaa wakitafuta, kingo ni tupu zaidi, na kama manzuki iko mbali na watu, hiyo ndiyo saa bora ya kulinda nyuki. Penye majirani nachukua katikati: naanza baada ya sala ya alasiri, saa kumi na nusu, namaliza mwanga ungalipo, giza linawatuliza baadaye.

Na msimu wenyewe ujue unategemea nini. Wageni hudhani asali ya Pemba yote ni ya karafuu. Karafuu tunayoichuma ndiyo ua lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo mchumaji hodari amemnyima nyuki. Wanapata ile iliyoachwa mtini. Chakula chao cha kila siku ni mnazi, unaotoa maua mwaka mzima, na mikoko ya ufukweni. Ndiyo maana masanduku yetu hujaa kidogo kidogo, na unajikuta unafungua mara nyingi kuangalia. Punguza hilo. Sanduku ambalo hukulifungua halikuponda mtu.

Glavu nazo zimegawa watu. Za ngozi nene zinakulinda, lakini vidole vyako vinakuwa magogo, unamshika nyuki na fremu bila kujua. Za mpira za kuoshea vyombo hupenywa na mwiba siku moja moja, ila unahisi kila kitu, na unapohisi kitu laini chini ya kidole unaachia. Kwenye kunyanyua sanduku navaa za ngozi. Kwenye fremu, za mpira.

Na unapoliweka chini sanduku ulilolitoa, usililaze bapa juu ya majani. Wanaoning'inia chini yake watakufa papo hapo, na pengine malkia yumo. Pindua paa la mzinga, lilaze chini, weka sanduku juu yake mshazari. Njia ileile, ila mwanzoni mwa kazi badala ya mwisho.

Ukiisikia ndizi katikati ya kazi, una mawili: uendelee au ufunge. Mara nyingi watu huendelea kwa kuwa imebakia mizinga miwili tu. Mimi hufunga. Napuliza moshi pale palipopondwa, nakwangua maiti kwa patasi, napapaka majivu kidogo, nafunga sanduku kwa vijiti kwa sababu saa hiyo mikono inatetemeka na mshazari haunitii, natembea kupitia vichakani mpaka wanaonifuata wapungue, kisha ndipo nauvua wavu. Ile miwili iliyobaki naifungua wiki ijayo.